"Ni karatasi tu, Mama Kadi"

Ukifika Pasua, mjini Moshi, ukaulizia nyumba ya yule mama anayetengeneza kadi, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke. Mtaani wanamwita Mama Kadi. Nyumba yake haina bango. Sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha, kuna meza ndogo, kompyuta mpakato ambayo herufi zake mbili zimefutika, printa ya kujaribia kazi, na ukutani kuna karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: "Kianzio kwanza."

Karatasi hiyo imeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino mzito, na herufi zimelala upande kama migomba baada ya upepo. Wageni hushangaa. Mtu anayeishi kwa kupanga herufi anawezaje kubandika mwandiko mbaya kiasi hicho nyumbani kwake?

Karatasi hiyo ina habari yake.

Kazi isiyo na begi

Mume wa Mama Kadi anaongoza watalii. Msimu ukichanganya hupanda mlima na wageni siku sita au saba, kwa njia ya Machame au ya Marangu, akarudi midomo imepasuka kwa baridi. Mtaa mzima humwona akiondoka na begi mgongoni, na humwona akirudi nalo. Hakuna anayeuliza kama baba huyo ana kazi.

Mke wake huamka saa kumi alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala, akamaliza kalenda ya jumuiya au kadi za kipaimara. Akifungua mlango saa mbili asubuhi ili afagie, jirani humwuliza: "Mama Kadi, leo nawe umepumzika?" Mama mkwe wake akishuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, humkuta amekaa mbele ya kompyuta. Kwa upendo kabisa humwambia: "Mwanangu, acha kidogo hicho kitu, tuje tumenye ndizi." Anaacha, wanamenya ndizi. Kazi anaimalizia usiku.

Hilo ndilo tatizo la kwanza la kazi ya kujitegemea inayofanyika nyumbani. Hakuna kuondoka wala kurudi, kwa hiyo watu huona kama hakuna kazi.

Alianza kama msichana wa steshenari karibu na stendi, akitoa nakala na kuchapa barua za maombi ya kazi. Tajiri wake alikuwa na kompyuta moja yenye programu ya kuchorea, na saa za jioni, wateja wakipungua, alimruhusu aichezee. Aliingia na kitu alichokuwa nacho tangu shuleni, tabia ya kupamba pembe za daftari kwa maua na majani. Baba yake alikuwa amemwonya mapema kwamba kuchora hakujawahi kumlisha mtu.

Mwalimu wake mmoja ndiye aliyemsimulia habari za Sam Ntiro, mtoto wa Machame aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma Makerere kisha London, na akachora maisha ya watu wa mlimani. Mchoro wake unaoonyesha wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku ulinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York mwaka 1960. Nchi ilipopata uhuru, mchoraji huyo huyo aliiwakilisha Tanganyika jijini London. Msichana wa steshenari hakuota New York. Alichokishika ni kwamba harusi ya kwao, na mbege yake, ni jambo ambalo mtu mzima anaweza kukaa chini na kulichora kwa makini.

Kadi yake ya kwanza ilikuwa ya sendofu ya binti wa shangazi yake. Alilipwa sahani ya pilau na soda mbili.

Mwaka una misimu yake

Siku hizi anaijua kalenda ya Moshi kwa kazi zinazoingia. Septemba na Oktoba ni mahafali ya shule: vyeti, mabango, ratiba. Muda huo huo zinaanza kadi za michango, kwa sababu Desemba watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, na harusi, ubatizo na jubilei vinapangwa waliko wengi.

Kadi ya mchango si ya kuchezea. Harusi ni siku moja, lakini kadi ile ndiyo inayokusanya fedha kwa miezi mitatu. Lazima iwe na namba ya simu ya mweka hazina na jina lililosajiliwa, maana tarakimu moja ikikosewa, mchango wa shangazi unaingia kwenye simu ya mtu wa Songea. Mama Kadi huipiga kila namba kabla ya kuchapa, asikie nani atapokea.

Ikifika Februari ni fulana za vikundi vinavyojiandaa na Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika Moshi tangu 2003. Kuanzia Juni ni msimu mkubwa wa watalii, na kampuni za kupandisha wageni huhitaji vipeperushi, mabango na kadi za mawasiliano. Vyama vya ushirika, ambavyo vina mizizi mirefu hapa tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, huleta taarifa za mkutano mkuu zenye majedwali marefu ya kilo na shilingi. Kina mama wasindikaji huleta lebo za asali, unga wa lishe na kahawa ya kusaga. Hao huwaambia mapema kwamba ua zuri halitoshi. Lebo lazima ioneshe uzito, viambato, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na anwani ya mtengenezaji.

Karibu kila mteja anataka mlima. Mwenye hoteli anataka mlima, mwenye saluni anataka mlima, na fundi wa magari pia. Hapo ndipo ujuzi wa Mama Kadi unapoonekana. Picha nyingi za mlima zilizojaa kwenye intaneti, zile zenye tembo mbele, zimepigwa upande wa Amboseli, nchini Kenya. Ukiutazama kutoka huko, Mawenzi inakaa kushoto kwa Kibo. Ukiutazama kutoka Moshi, Mawenzi iko kulia. Kampuni moja ya mjini iliwahi kumletea nembo iliyokwishachorwa na mtu wa mbali. Akaitazama, akawauliza wateja wake kwa upole: "Ofisi yenu iko Moshi au Amboseli?" Wakatoka nje, wakautazama mlima, wakarudi wanacheka. Nembo ikachorwa upya.

Kuna mambo mengine anayowaeleza wateja kila wiki bila kuchoka. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Kwenye simu inapendeza, ikichapwa kubwa inavunjika kama kokoto. Anawaomba waitume kama dokumenti. Rangi ya kwenye kioo inatokana na mwanga, ya kwenye karatasi inatokana na wino, kwa hiyo buluu inayong'aa kwenye simu itapoa ikichapwa. Bibi harusi mwenye rangi yake maalumu huombwa alete kipande cha kitambaa.

Bei ya ndugu

Tatizo la pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu linaingia ndani ya ukoo. Mteja wa mbali huuliza bei. Ndugu huuliza siku.

"Dada, kadi zetu zinatoka lini?" Swali linakuja kabla ya makubaliano yoyote. Ukitaja fedha unaonekana umebadilika. Fundi cherehani akishona suti, kitambaa kinaonekana. Mpishi akipika, sufuria zinaonekana. Lakini muundo wa kadi unatumwa kwa simu, na kitu kilichofika kwa simu watu hudhani hakikugharimu kitu. "Ni dakika tano tu kwako," humwambia. Dakika hizo tano zina marekebisho saba, kwa kuwa kamati ina watu kumi na wawili na kila mmoja ana macho yake.

Kwa miaka mingi Mama Kadi hakudai kianzio. Aliona aibu. Alilipa mchapaji kutoka mfukoni, akasubiri. Mume wake alikuwa akiyaona hayo na kusema, bila ubaya: "Basi ni kitu cha kukupotezea muda tu. Mimi nipo, tutakula."

Mwaka 2020 ulimjibu. Korona ilipoingia, ndege za wageni zilisimama na mlima ukabaki bila watu. Begi la mume lilikaa nyuma ya mlango kwa miezi. Harusi nazo ziliahirishwa. Lakini maduka yaliweka ndoo za maji milangoni, kila ndoo ikahitaji tangazo la "Nawa mikono hapa", na kila aliyeanza kutengeneza sabuni ya maji alihitaji lebo. Zilikuwa kazi ndogo ndogo, za fedha ndogo ndogo. Unga ulinunuliwa kwa fedha hizo, na ada ya mtoto mkubwa ikapatikana. Mume aliliona hilo na hakulisema. Wanaume wengi hulijua jambo muda mrefu kabla ya kulitamka.

Orodha ya watoto

Mwaka mmoja baadaye, Alhamisi moja ya Agosti, ilikuja kazi ya msiba kutoka Uru. Mzee alikuwa amefariki, na misa ya mazishi ilipangwa Jumamosi saa tano asubuhi. Mtoto mkubwa wa kiume, anayefanya kazi Dar es Salaam, alituma kila kitu kwa simu: picha ya baba, nyimbo, ratiba na wasifu wa marehemu. Kijitabu cha kurasa nane, nakala 400. Kianzio hakikutajwa, na Mama Kadi hakukiuliza. Nani anamdai mfiwa fedha?

Wasifu uliishia kama wasifu wote wa huko unavyoishia: marehemu ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wanne. Majina ya watoto yalifuata, moja chini ya jingine.

Ijumaa saa kumi jioni, kazi ikiwa imekwisha na mchapaji amempa hadi saa mbili usiku kupeleka faili, simu yake iliita. Namba ngeni.

"Samahani dada," sauti ya mwanamke ilisema. "Nimeambiwa wewe ndiye unayetengeneza kijitabu cha mazishi ya baba. Nilitaka tu kujua kama nimo."

Alitaja jina lake. Mama Kadi alishuka na orodha kwa kidole kwenye kioo, jina la kwanza hadi la sita. Halikuwamo. Mwanamke alieleza, kwa utulivu wa mtu aliyeeleza mara nyingi, kwamba yeye alizaliwa kabla ya ndoa, anaishi Himo, baba ndiye aliyemsomesha, na Krismasi alikuwa akipanda Uru na watoto wake.

"Nitakupigia," Mama Kadi alimjibu. Jibu jingine hakuwa nalo.

Alimpigia mtoto mkubwa wa marehemu. Alimpa pole kwanza, kisha akauliza: "Kaka, orodha ya watoto imekamilika?"

"Imekamilika. Kuna watu watakupigia, usiwasikilize."

"Nakala ya mwisho ningependa mama aisome kabla sijachapa."

"Mama amefiwa, dada. Mwacheni apumzike. Ni karatasi tu, Mama Kadi. Chapa."

Simu ikakatwa. Mume alikuwa ameketi pale pale sebuleni, na alisikia yote. Alisema neno ambalo watu wengi wenye busara wangelisema: "Wewe ni fundi. Fundi hagombani na mwenye nyumba. Andika ulichopewa."

Alikuwa na haki. Mama Kadi hakuwajua watu wale. Hakujua kama yule wa Himo anasema kweli, na hata kama ni kweli, si kazi ya mtengeneza kadi kuamua nani ni mtoto wa nani. Kuongeza jina kwa mkono wake kungekuwa kosa. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyejua, na huyo hakuwa ameulizwa.

"Kadi ya harusi inatupwa," alimwambia mume wake. "Hii haitupwi. Itakaa kwenye kabati pamoja na vyeti. Watoto wa yule dada watakuja kuisoma wakiwa wakubwa. Nataka niliyeandikiwa jina lake juu aione. Akisema sita, nitachapa sita."

Mume alinyamaza kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akachukua ufunguo wa pikipiki. Mama Kadi akatoa nakala moja kwenye printa ya nyumbani, akaitia kwenye bahasha, na mume akapanda nayo Uru.

Kilichotokea huko ni mume aliyekisimulia. Alimkuta mjane chumbani, amezungukwa na wanawake wenzake. Akaamkia, akatoa pole, akaeleza kwamba ametumwa na mtengenezaji wa kijitabu, mama asome kama kuna kosa. Mjane aliomba miwani yake. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alirekebisha mwaka wa ndoa, uliokuwa umekosewa. Alipofika kwenye watoto alisoma majina yote sita, akarudi mwanzo, akasoma tena. Akaomba kalamu.

Hakuliandika jina la saba mwishoni. Aliliandika juu kabisa, kabla ya jina la mwanawe mkubwa.

"Huyu ndiye wa kwanza," alisema. "Nilimkuta."

Mtoto mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu. Mama akatia sahihi pembeni, akarudisha bahasha.

Usiku wa kukunja

Ukurasa ulikuwa umepimwa kwa majina sita. Mama Kadi aliipunguza picha ya marehemu kwa upana wa kidole ili la saba liingie bila kubanana, akageuza "sita" kuwa "saba", akasahihisha mwaka wa ndoa. Faili lilifika kwa mchapaji dakika chache kabla ya saa mbili. Fedha ya kazi hiyo ilitoka kwenye kibubu cha ada ya watoto.

Kisha akampigia yule wa Himo. "Umo," alimwambia. "Umeandikwa wa kwanza." Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda mrefu, halafu sauti ikasema asante, na simu ikakatika.

Karatasi zilifika nyumbani saa tano usiku, zimechapwa lakini hazijakunjwa. Kukunja na kupiga pini ni gharama ya ziada, na siku zote Mama Kadi hufanya mwenyewe ili abakiwe na kitu. Alikaa sakafuni akaanza. Mume alimtazama kidogo, akaja akaketi upande wa pili wa rundo. Karatasi mbili, kunja, pitisha ukucha, piga pini. Nakala 400. Kwenye nakala ya mia hivi vidole vilianza kumuuma. Ni mtu aliyezoea kubeba mzigo hadi mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

"Hivi siku zote," aliuliza, "huwa unakunja peke yako?"

"Siku zote."

Walimaliza saa tisa usiku. Saa moja asubuhi vijitabu vilikuwa njiani kwenda Uru.

Malipo yalichukua wiki tatu. Mtoto mkubwa alituma nusu, pamoja na ujumbe mfupi wa shukrani. Nusu nyingine haijafika hadi leo, na Mama Kadi hajaidai. Wapo watakaosema alijitakia mwenyewe, na wapo watakaosema aliingilia nyumba ya watu. Yeye husema kwamba alipeleka karatasi isomwe, basi.

Lakini tangu wiki ile mambo mawili yamebadilika nyumbani kwake. Kazi ya familia, hasa ya msiba, haichapwi kabla mhusika mkuu hajaisoma na kuitia sahihi, na msemaji ni mmoja, si kamati nzima. Na mama mkwe akija na ndizi akamkuta kwenye kompyuta, ni mume anayesema: "Mama, mwache kwanza, yuko kazini. Tumenye mimi na wewe."

Ile karatasi ya ukutani aliiandika mume, Jumapili iliyofuata mazishi, kwa kalamu aliyokuwa akiandikia majina ya wageni kwenye mizigo ya mlimani. Mama Kadi angeweza kuichapa upya kwa dakika tano, kwa herufi zilizonyooka na rangi mbili. Wateja wamemshauri hivyo mara nyingi. Ameiacha ilivyo.